Huku ukitoka kununua chumvi, unarudi na chumvi

Mtoto wa kaka yangu aliyeko Korogwe aliandika kwenye kundi la ukoo: "Shangazi, tuambie kweli, usitufiche. Hiyo baridi mnaishi nayo vipi? Na mchana kutwa mnafanya nini? Maana picha zako ni theluji tupu, hata mtu mmoja haonekani." Wakacheka wote, mama mdogo akatia na vikatuni vyake vya machozi. Nilitaka kujibu kwa sauti, nikaona nitawamalizia bando. Basi naandika, na kwa kuwa maswali haya naulizwa na wengi, asome na mwingine.

Niko Tampere, Ufini, mji uliobanwa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Leo ni Jumamosi ya katikati ya Januari na sina zamu, kwa hiyo nitawasimulia siku hii hii ilivyokwenda, msije mkasema nimechagua siku nzuri.

Tuanze na baridi, kwa kuwa ndiyo mnayoiogopa, tumalizane nayo. Asubuhi kipimajoto kilichobanwa nje ya dirisha la jikoni kilikuwa kwenye 23 chini ya sifuri. Ndani ni nyuzi 21. Nilikuwa nimevaa dera, miguu mitupu, nachemsha chai. Madirisha yana vioo vitatu, kuta ni nene, na chini ya kila dirisha kuna chuma kinachopitisha maji moto. Maji hayo yanatoka kwenye mitambo ya mji, yanazungushwa kwa mabomba ya chini ya ardhi, yanaingia jengo hadi jengo, na kwangu gharama yake imo ndani ya kodi ya nyumba. Mimi nasema baridi ya Lushoto mwezi wa Julai ilinitesa kuliko hii. Kule tulikaa ndani na makoti, upepo unaingia juu ya ukuta mahali palipotakiwa kuwa na dari, usiku shuka unalishika unadhani limelowa. Ya huku iko nje. Unaiendea mwenyewe, umejiandaa, na ukirudi unaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Kinachochosha ni huko kujiandaa. Suruali ya sufu ya ndani, juu yake suruali, soksi mbili, fulana ya mikono mirefu, sweta, jaketi, mtandio, juu ya mtandio boshori. Ukishamaliza yote unakumbuka kadi ya tramu iko kwenye mfuko wa suruali ya katikati. Glovu za vidole vitano ni za urembo. Baridi ikishazidi, unavaa zile zenye chumba cha kidole gumba peke yake, vidole vinne vikae pamoja vipashane joto. Pumzi ya kwanza ukiivuta, vinyweleo vya puani vinagandamana. Ukitoa pumzi vinayeyuka, ukivuta vinaganda tena. Ukifika kituoni kope zina weupe. Na simu inazimika huku inakwambia ina chaji nusu. Mama mdogo, ndiyo maana sipokei simu njiani. Sijiringi. Nikivua glovu dakika mbili vidole havibonyezi tena.

Ngozi ndiyo inayolia. Hewa ya ndani ni kavu mno, midomo inapasuka, ukivua sweta nywele zinatoa cheche, ukigusa kitasa unapigwa shoti. Mafuta ya nazi mliyonipa nilipokuja likizo nayapaka mwili mzima kabla sijakauka vizuri na taulo. Yakiisha natumia ya dukani, lakini hayafui dafu.

Ila hatari yenyewe haiko kwenye 23. Iko kwenye sifuri. Hali ya hewa ikilegea, theluji inayeyuka mchana, usiku inaganda upya, asubuhi barabara yote ni kioo chenye maji juu yake. Siku kama hizo idara ya hali ya hewa hutoa onyo maalumu kwa waenda kwa miguu. Mji unamwaga kokoto njiani, kokoto zenyewe zinaingia kwenye soli hadi sebuleni. Kazini kwangu zinatujia nyonga na viganja vilivyovunjika, na kila mmoja anaanza kusimulia kwa neno hilohilo: nilikwenda tu kutupa taka. Mimi nina viatu vyenye misumari midogo kwenye soli. Vinalia ka-ka-ka kwenye sakafu ya duka, sina aibu.

Haya, sasa giza. Hili ndilo watu wanalowaficha.

Nyinyi mnahesabu saa kwa jua, na mimi nilikulia humo: jua likichomoza ni saa kumi na mbili na kitu, likizama ni saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Leo hapa jua limetoka saa tatu na nusu asubuhi na limezama saa tisa na dakika arobaini. Hiyo ni baada ya siku kuanza kurefuka! Tarehe 21 Desemba lilizama saa tisa na dakika tatu. Na likitoka halipandi. Linaambaa juu ya mapaa ya nyumba za ng'ambo kwa saa sita, linakupiga machoni, halafu linaondoka. Mtu mwenye zamu ya asubuhi anakwenda kazini usiku, anarudi usiku. Novemba ndiyo mwezi mbaya kuliko yote, kwa sababu theluji haijakaa na kila kitu ni cheusi: lami, miti, makoti ya watu. Theluji ikishatanda unapata nafuu. Taa ya barabarani moja inaangaza uwanja mzima.

Giza hilo linafanya kazi mwilini. Unalala muda wa saa tisa unaamka umechoka. Unatamani wanga na sukari kutwa. Kuna siku unakaa kitandani unatazama ukuta na huna unachoumwa. Siwatishi, nasema lilivyo. Madaktari wa hapa hawalionei ajabu, na serikali yao pia: maziwa ya dukani yanatiwa vitamini D tangu 2003, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaongeza vidonge. Mezani kwangu kuna taa nyeupe, kali, ukubwa wa sinia la kuchambulia mchele. Naiwasha asubuhi nikinywa chai, nusu saa, macho wazi. Mwaka wa kwanza niliiona kichekesho. Sasa ikiharibika nitanunua nyingine siku hiyohiyo, hata kama mwezi uko kwenye tarehe za mwisho.

Usiku ukitoka lazima uwe na kipande kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari. Sheria ya barabarani inakitaja kabisa, mwenda kwa miguu atumie kitu hicho gizani. Vinaning'inia kwa uzi kwenye mifuko ya makoti: vya umbo la nyota, la bundi, la jina la benki. Wazee ninaowahudumia wanavyo hata kwenye fimbo zao.

Mnaoniuliza kuhusu ibada: leo adhuhuri imeingia kama saa saba kasorobo, alasiri saa saba na nusu, magharibi saa kumi kasorobo. Ukichelewa kwenye bafu mbili zimekukuta pamoja. Kazini nimezungumza na kiongozi wa zamu, nikipata dakika saba naingia chumba cha kuhifadhi mashuka, naswali, natoka. Faida yake ni kwamba sisi wa huku deni la Ramadhani tunalilipa Desemba, maana unafungua kabla hata njaa haijakujua vizuri. Msituonee gere. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, jua likizama saa tano na robo usiku, na futari na daku zikawa ni mlo mmoja uliokatwa katikati. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Hiyo naisubiri kwa hamu.

Sasa swali la picha zisizo na watu. Mwanangu, hapo uliona mbali.

Leo asubuhi niliishiwa chumvi. Tanga, ukitoka kununua chumvi unarudi na habari: nani kaolewa, nani kaumwa, maji yamekatika mtaa gani, na pengine unarudi bila chumvi kwa sababu umekalishwa barazani kwa watu. Hapa nimevaa hayo yote niliyowatajia, nimetembea hadi dukani, nimejipimia mwenyewe kwenye mashine ya kulipia, nimerudi na chumvi. Njiani nimepishana na watu wanne hivi. Mmoja alikuwa bibi kizee aliyesimama nyuma ya kiti chenye vyuma viwili virefu chini vya kuteleza kwenye barafu. Mguu mmoja anakanyaga chuma, mwingine anasukumia nyuma, mfuko wa viazi ndio umekaa juu ya kiti. Alikuwa anakwenda kasi kunishinda. Nikamwambia moi, yaani hujambo yao, akaniambia moi. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo ya asubuhi yangu.

Usidhani ni ubaguzi, ingawa ubaguzi nao upo na nimeuonja. Wenyewe kwa wenyewe wako hivyohivyo. Jirani yangu wa mlango wa kulia nasikia anavyosimama nyuma ya mlango wake, nikipita ndipo anafungua. Lakini mwaka juzi nilipougua homa wiki nzima, ndiye aliyening'iniza mfuko wa machungwa kwenye kitasa changu, bila kugonga. Sijui alijuaje. Nadhani alihesabu siku ambazo hakunisikia nikitoka.

Majira ya joto hali inabadilika, watu wanakaa nje, wanaongea na mbwa wako na wewe mwenyewe. Ila baridi inaondoa barabara. Hakuna mtu anayesimama kwenye 23 chini ya sifuri kukuuliza habari za nyumbani. Hakuna kupita kwa mtu kwa sababu taa yake inawaka. Kila kukutana ni kwa miadi, tarehe na saa, na mtu akikwambia saa nane anamaanisha saa nane, anakuwa ameshasimama nje ya jengo tangu saa nane kasoro dakika tano akisubiri zitimie. Baridi yenyewe nilivaa nguo ikaisha. Kukosa kupitiwa na mtu hakuna jaketi lake.

Hata kufua ni kwa miadi. Chumba cha mashine kiko chini ya jengo, kuna karatasi ukutani, unaandika namba ya nyumba yako kwenye saa unayotaka. Sauna ni hivyohivyo. Jengo letu lina moja, kila nyumba inayotaka inalipia saa yake ya wiki, na yangu ni Jumamosi jioni. Naingia peke yangu, nafunga mlango, nakaa kwenye benchi la mbao kwenye joto la nyuzi 80, nabubujikwa jasho mpaka nakumbuka nilivyo. Wafini hawazidi milioni sita na wana sauna zaidi ya milioni mbili, na UNESCO iliiweka sauna yao kwenye orodha ya urithi mwaka 2020. Walistahili. Kitu pekee nitakachokililia siku nikihama nchi hii ni hicho.

Mchana nilishuka mjini kwenye soko la ndani la barabara ya Hämeenkatu. Lipo tangu 1901, vibanda vya mbao, nyama upande mmoja, samaki upande mwingine. Wapo samaki wadogo wa ziwani wanaitwa muikku, ukubwa wa kidole, wanawapaka unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, wanawakaanga wazima na vichwa. Mnaelewa ninachofanya nao. Vitunguu, nyanya, tui la kopo, ndimu nyingi, na ugali wa unga ninaoununua kwa Mhindi. Si dagaa, msijidanganye, wana mafuta zaidi na hawana ule ukali wa kukaushwa juani. Lakini Jumamosi ya Januari sichagui sana.

Niliporudi, uwanja wa jengo ulikuwa umejaa miti ya Krismasi imelazwa kwenye theluji. Tarehe 13 Januari ni siku ya Nuutti, ndipo Krismasi yao inapoisha rasmi, mti unatolewa nje. Ngazi zote kuanzia ghorofa ya nne zina miiba ya msonobari, harufu nzuri, na karatasi kwenye mlango imeandikwa kwa adabu sana kwamba kila mmoja afagie yake. Wana siku nyingi ndogo za namna hii. Tarehe 6 Desemba, siku ya uhuru wao walioupata 1917, saa kumi na mbili jioni watu wanaweka mishumaa miwili dirishani, hakuna kelele, unatembea mtaa mzima ni madirisha yenye mishumaa miwili miwili. Tarehe 5 Februari wanakula keki ndogo ya mviringo yenye jamu nyekundu juu kwa heshima ya mshairi wao Runeberg. Majina yao mengi, kila moja lina siku yake kwenye kalenda. Kazini mzee mmoja alitafuta langu kwenye kalenda nzima, hakuliona, akakasirika kwa niaba yangu.

Mwingine pale kazini, mama wa miaka zaidi ya tisini, kila siku ya jua lazima nimtoe kwenye roshani. Tunamfunga blanketi tatu, kofia, pua tu ndiyo inaonekana. Anakaa dakika kumi kwenye baridi inayoniuma mimi niliyesimama, amefumba macho, anaelekea jua. Watoto wachanga nao wanalazwa nje kwenye vigari vyao wakiwa wamefungwa vizuri, wanasinzia roshani au uwani mama akiwa ndani na kahawa. Mara ya kwanza nilipoona nilitaka kumnyakua mtoto niingie naye ndani. Sasa napita tu, nachungulia mashavu.

Mmeuliza pesa pia, ingawa mlizungusha. Mshahara wa mhudumu wa wazee unalisha, unalipa nyumba, unabakiza cha kutuma ukijibana. Kodi inakatwa kabla hujaushika. Sheria inasema kazi ya Jumapili inalipwa mara mbili, ndiyo maana Jumapili naomba zamu, na ndiyo maana vikao vya ukoo vya Jumapili hamnipati. Hapa hakuna Luku, umeme wa kulipia kabla. Unachagua mkataba wa umeme, wa bei moja au wa bei ya soko inayobadilika kila mara. Waliochagua wa soko walikiona Januari 2024. Tarehe 5 ya mwezi huo kule kaskazini Enontekiö walifika 44 chini ya sifuri, na jioni uniti moja ikapita yuro mbili ukiweka na kodi. Ilikuwa Ijumaa, watu wakaambiana sauna ingoje. Mwenzangu mmoja wa Mombasa alipika wali usiku wa manane wiki nzima. Mimi wangu ni wa bei moja, naogopa mambo ya kubahatisha.

Na kuhusu kuja. Wawili mmeniandikia faraghani, najibu hapahapa bila majina. Njooni kama mna shule au kazi yenye mkataba mkononi, na kama mko tayari kujifunza lugha yao mpaka ikae, kwa sababu kwenye nyumba ya wazee Kiingereza hakimwogeshi mtu. Ada ya chuo kwa sisi wa nje ya Ulaya, kwa masomo ya Kiingereza, ipo tangu 2017, mtu asiwadanganye kwamba ni bure. Njooni Agosti, mwili uzoee kidogo kidogo. Kiatu nunueni huku, hata cha mtumba. Kuna maduka ambayo watu wanapanga meza na kuuza vitu vyao vilivyotumika, kule unapata buti nzuri kwa bei ya mboga. Nyama kavu msibebe, forodha inakamata, nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi kabisa. Samaki wakavu ruksa. Kwa hiyo dagaa, dagaa tafadhali.

Na yule aliyesema sauti yangu imepoa: ni kweli imepoa, ni Januari. Inarudi kama Aprili hivi.

Sasa hivi huku ni saa moja usiku, kwenu saa mbili. Kipindi cha baridi mnatutangulia saa moja, kiangazi chao tuko sawa. Nimetoka sauna, muikku wamebaki nusu sufuria, sina zamu mpaka kesho saa moja asubuhi. Pigeni. Na msianze kwa kuandika "shangazi upo? naweza kupiga?" Hayo yafanywe na Wafini.